Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Malaba,
6 Mei 2024

Kwako Mama Brendah, mama mkwe wangu ninayekuheshimu,

Wesonga ameniambia anateremka huko Sio Port kesho na pikapu yake kuchukua dagaa wa omena, nikaona nimpe salamu hizi akuletee. Sisi huku tu wazima. Brendah anaendelea vizuri, ila presha yake inapanda kwa kitu kidogo tu. Juzi ilipanda kwa sababu jirani alinunua friji. Daktari wa kliniki amesema asishtuliwe na jambo lolote mpaka ajifungue mwezi wa saba. Kwa hiyo mambo mengi siku hizi nayabeba peke yangu.

Mama, ningepiga simu, lakini ulisema tangu siku tulipoleta mahari kwamba sauti ya mkwe sikioni ni sawa na mkwe kuingia chumbani. Sitaki kukukosea.

Kuna jambo limenisumbua tangu jana na sijui nianzie wapi. Ni jambo la aibu, tena aibu ya nyumba. Linahusu mwanamke ambaye ameachwa bila kitu, na mwanamume ambaye angepaswa kumtunza. Watu wa Malaba wote wameshamwona. Mimi mwenyewe nilipomwona nilishindwa kutazama mara ya pili. Najiuliza kama ni haki niendelee kulala kwenye nyumba ya mabati huku mtu kama huyo yuko mahali analia. Nimeona heri uyasikie kutoka kwangu kuliko uyasikie sokoni.

Kama una neno la kuniambia, niambie bila kunificha. Chochote utakachosema nitakitimiza.

Brendah hajui lolote. Tafadhali asijue.

Mkweo,
Okiria


Sio Port,
8 Mei 2024

Okiria,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama. Mara ya pili watu walinikalisha.

Kwa hiyo umepata mwanamke mwingine. Na unaniomba ruhusa mimi! Mimi mama ya mtu! Nyinyi wanaume wa mpakani, malori yakisimama foleni kidogo tu mnaanza kutafuta shughuli. Binti yangu ana mimba na presha, wewe unatembeza mwanamke mpaka Malaba yote imemwona, halafu unaniandikia kwa heshima kama mtu anayeomba chumvi.

Siku mlipoleta mahari uliketi kutwa nzima ukitazama vidole vya miguu yako. Nikawaambia dada zangu, huyu kijana wa Kiteso ana adabu. Kumbe miguu ilikuwa inapanga safari.

Ati unamwonea huruma, analia, unataka kumleta kwenye nyumba ya mabati. Hayo mabati rangi yake ilichaguliwa na nani kama si Brendah? Umeniuliza neno langu, basi chukua: huyo mwanamke anayelia aendelee kulia huko huko aliko. Hata akilia mwaka mzima mimi hanihusu.

Usishangae karatasi kuwa na hesabu za watoto upande wa nyuma. Nimeomba kwa mtoto wa jirani. Kwangu kuna kila kitu isipokuwa karatasi. Na kama mmesikia habari za mafuriko, sisi hatuna shida. Maji yalipita mbali. Nyumbani kwangu kumekauka mpaka vumbi lipo.

Zilpa,
mama ya Brendah, mke wako wa pekee


Malaba,
9 Mei 2024

Mama,

Hapana! Hapana kabisa! Sina mwanamke mwingine, wala simtafuti. Nimejaribu kulisema jambo kwa heshima na heshima yenyewe imeniletea balaa, kwa hiyo sasa nitalisema moja kwa moja na unisamehe.

Mwanamke anayelia ni wewe.

Nianze mwanzo. Sisi mawakala wa forodha na madereva wa hapa Malaba tuna umoja wetu, na mimi ndiye katibu. Tuliposikia Mto Sio umefurika tulichanga vitu: mablanketi, maturubai, sabuni, unga wa mahindi. Watu walitoa kwa moyo, hata madereva waliokuwa wamelala foleni. Vitu vimejaa stoo ya dada yangu Alupo pale Amagoro. Jumapili tulikutana kuamua tumpe nani avifikishe kwa waliofurikiwa.

Akaja kijana mmoja anaitwa Quinton, suti ya buluu, viatu vinang'aa. Alisema yeye ni mkurugenzi wa shirika la Machozi Yakauke International, na ofisi yao iko Busia mjini, juu ya saluni. Akafungua picha kubwa ya mama amejishika kichwa. Nilikiona kitambaa cha kichwa nikakijua, nikaiona mikono nikaijua, na kabla macho hayajafika usoni niligeukia ukuta, kama inavyompasa mkwe. Nikabaki hivyo natazama kalenda ya mwaka jana.

Mwenyekiti wetu, mzee Odeke, akadhani nalia. Akasimama akasema, "Katibu wetu hatoi chozi hata kwenye matanga ya kwao. Leo amelia. Tunangoja nini?" Mikono ikainuliwa hapo hapo. Mzigo wote apewe Quinton Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Mimi niliyegeukia ukuta nikahesabiwa kuwa nimekubali.

Wenzangu wamenisomea kwamba chini ya picha pameandikwa: "Bibi Nekesa, miaka 84. Amepoteza nyumba na watoto saba. Hajala tangu juma lililopita." Nimekuwekea humu karatasi yao ndogo yenye picha hiyo hiyo. Nimeikunja nikiwa nimefumba macho, ndiyo sababu imekaa upande.

Mama, niambie ukweli. Una njaa? Nyumba iko? Nimemuuliza Wesonga, anajibu tu, "Mimi ni dereva." Aibu inanila. Kama shirika la watu baki limekufikia kabla ya mkwe wako, mimi ni mtu wa aina gani?

Mkweo asiye na mke wa pili,
Okiria


Sio Port,
10 Mei 2024

Mkwe,

Miaka themanini na minne!

Nimeshindwa kunywa chai. Mimi ambaye msimamizi wa kwaya bado ananiweka mstari wa mbele! Waliniona wapi hiyo themanini na minne? Na hao watoto saba waliokufa ni wa nani? Nilizaa wawili, wote wako hai, mmoja yuko nyumbani kwako na presha yake. Na Nekesa ni nani?

Ya mwanamke wa pili tuyaache. Karatasi ilikuwa ndogo na hasira ilikuwa kubwa. Mabati mazuri, nilisahau kukwambia.

Sasa sikiliza habari ya hiyo picha. Ilikuwa kabla ya mvua. Nilikuwa nimeanika omena pale ufukweni, nikainama kidogo kuongea na mtu. Kugeuka, kuku wa jirani yangu Mugeni wote wameshuka kwenye omena wanakula kama wamealikwa. Nikajishika kichwa nikapiga kelele. Kijana mwenye kamera akatokea akasema, "Mama, kaa hivyo hivyo, ni picha ya kalenda." Akaninunulia soda. Nikasema huyu mtoto amelelewa vizuri, hata nikampa omena kwenye gazeti. Kwa hiyo machozi yale ni ya kuku, na kijana ni yule yule mwenye viatu vya kung'aa.

Sina njaa. Nyumba yangu iko pale pale ilipokuwa.

Kugeukia ukuta hukukosea, hapo nakusifu. Ulikosea kunyamaza baada ya kugeuka. Mdomo wa mkwe haujakatazwa kuongea na wazee wenzake. Picha imewafanya mkatoa mzigo kabla ya kuuliza hata swali moja. Mtu akileta ng'ombe sokoni mnampapasa meno, mnamtembeza, mnauliza alizaliwa kwa nani. Huyu ameleta picha, mkampa stoo nzima.

Muulize karatasi ya serikali ya kusajiliwa, halafu usiiamini peke yake, maana muhuri siku hizi hata mtoto anachonga kwenye soli ya slipa. Piga simu ofisi inayotoa hizo karatasi, wakwambie kama wanalijua hilo jina. Kisha muulize habari za kambi. Watu waliohamishwa na maji wako kwenye shule ya msingi, ile ya mlimani, mbali na ufuko. Anayewasaidia watu lazima ameshinda nao. Muulize, ni nani anayepika uji kambini? Na usiku watu huamshwa na nini?

Majibu usimpe. Uji unapikwa na Ekisa, fundi wa baiskeli, kwa sababu wanawake waligombania mwiko mpaka naibu wa chifu akauchukua mwiko akampa yeye. Na kinachoamsha watu ni mbuzi wa mama mmoja wa kambini, Petronilla. Amefungwa kwenye nguzo ya kengele ya shule, na kila akijikuna kengele inalia. Watu wote wanaruka wakidhani maji yamepanda. Ukishtushwa hivyo usingizi haurudi tena, unabaki umelala chali unasikiliza watoto wa wenzako wakikohoa, na sakafu ya simenti inakuingia mgongoni.

Hayo nimesimuliwa.

Zilpa, miaka hamsini na tisa


Malaba,
11 Mei 2024

Kwa Bwana Quinton, Mkurugenzi,
Machozi Yakauke International, Busia

Salamu kutoka kwa umoja wetu. Kabla ya kukabidhi mzigo tunaomba nakala ya cheti chenu cha usajili pamoja na majina ya watu waliopokea msaada wenu wa mwisho. Pia wanachama wangependa kujua mambo mawili madogo kuhusu kambi: ni nani anayepika uji, na usiku watu huamshwa na nini? Tutashukuru pia kupata habari za hali ya Bibi Nekesa, maana wengi wanamuulizia.

Wako,
Okiria, Katibu


Busia,
13 Mei 2024

Mheshimiwa Katibu,

Machozi Yakauke International inakupongeza kwa kiu yako ya uwajibikaji. Ni wafadhili kama nyinyi wanaotuwezesha kuwawezesha walengwa ili nao wajiwezeshe.

Kuhusu usajili, cheti chetu kipo, kimepelekwa kutiwa plastiki. Kuhusu majina ya waliopokea msaada, hatuyatoi, kwa kulinda heshima ya walengwa.

Kuhusu uji, kambini uji hupikwa na wataalamu wetu tisa wa lishe, wote wenye aproni za shirika. Kuhusu usiku, naandika haya kwa uchungu: watu huamshwa na vilio vya njaa.

Kuhusu Bibi Nekesa, nasikitika kukujulisha kwamba alifariki juzi alfajiri, mikononi mwangu. Neno lake la mwisho lilikuwa "Malaba." Kwa hiyo tunaomba mzigo usingoje Jumamosi, mtukabidhi Jumatano, na muongeze chochote cha mazishi. Tutahitaji pia gari na mtu wa kutuonyesha njia ya kambini, kwani hatujapata nafasi ya kufika. Nina maana, kufika tena.

Katika huduma,
Quinton, Mkurugenzi Mkuu


Malaba,
14 Mei 2024

Mama,

Pole sana kwa kifo chako.

Nakala ya barua ya Quinton nimeiweka humu. Isome ukiwa umeketi. Jana jioni niliisoma mbele ya umoja, kisha nikawaeleza habari za kuku. Mzee Odeke hakuamini. Alisema huenda mimi nina yangu na huyo kijana. Ndipo nikamwita Wesonga, akaonyeshwa ile picha kubwa, akaulizwa kama anamjua marehemu. Akasema, "Mimi ni dereva. Huyo marehemu leo asubuhi amenipakilia magunia ya omena barabarani akinitukana kwamba naendesha kama konokono." Watu walicheka mpaka mama wa chai akaja kuuliza kuna nini. Nilipiga simu ofisi ya usajili pia, nako hilo jina halijulikani. Mwenyekiti ameshapiga ripoti polisi.

Lakini kicheko kilipoisha mambo yaliharibika. Watu walikasirika. Mmoja akasema mashirika yote ni hayo hayo. Mwingine akasema mablanketi yake arudishiwe, atampa shemeji yake. Mzee Odeke akasema, "Tulimwamini mmoja akatufanya wajinga. Wa pili tutamwaminije?" Wakaamua kwamba tusipopata jibu zuri kufikia Alhamisi, kila mtu achukue chake na stoo ifungwe. Naogopa, mama. Nimemfukuza mwizi, na sasa wenye shida watakosa kwa sababu yangu.

Wewe uko karibu na hao watu. Nani ni wa kuaminika?

Mkweo,
Okiria


Malaba,
14 Mei 2024

Dada Alupo,

Hii barua inakuja Amagoro na Wesonga, usiisome mbele yake, tena ikishasomwa ichome. Ningekupigia, lakini siku hizi Brendah anasikia mpaka mawazo.

Mama mkwe wangu hana nyumba. Hajaniambia, wala hataniambia. Ameniandikia kwamba kwake kuna vumbi. Lakini barua zake ameziandika kwenye karatasi za hesabu za darasa la nne. Halafu akanipa maswali ya kumnasa yule Quinton, pamoja na majibu, na majibu yamemnasa yeye mwenyewe. Anajua mbuzi anayelizia watu kengele usiku. Kutoka kwake ufukweni mpaka kwenye ile shule ya mlimani hata kengele ya kanisa haisikiki. Na sakafu ya simenti anaijua kwa mgongo. Analala darasani, Alupo. Mama wa mke wangu analala sakafuni na watu baki, na bado ananiambia mabati yangu ni mazuri. Nimesoma hapo nikalia, na safari hii ni machozi ya kweli.

Siwezi kumwambia kwamba najua, itamuua. Siwezi kumleta kwangu, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Lakini kwako anaweza. Kile chumba cha nyuma ya stoo, mzigo ukitoka, kipakwe rangi. Tutasema anakuja mapema kumngoja mjukuu. Wewe ndiye utakayemwalika, mimi sijui lolote.

Kaka yako,
Okiria


Amagoro,
15 Mei 2024

Okiria,

Chumba nitapaka. Rangi ya kijani ndiyo iliyobaki kwenye mkebe, asilalamike. Barua ya kumwalika nitaandika na nitajifanya nina upweke sana, ingawa wewe unajua nyumba hii ina watoto mpaka juu ya meza.

Ila nawashangaa nyinyi wawili. Yeye anajua, wewe unajua, Wesonga anajua, sasa na mimi najua, na bado kuna siri.

Alupo


Sio Port,
15 Mei 2024

Mkwe,

Nimesoma habari za kifo changu. Sikujua nilikufa vizuri hivyo. Neno langu la mwisho lingekuwa "kuku," si "Malaba," lakini yeye hakujua.

Sasa hao wazee wako. Waambie hivi kutoka kwangu, na usiwapunguzie maneno. Mtu mmoja amewadanganya, kwa hiyo wenye baridi ndio waadhibiwe? Quinton aliwaibia akili tu. Wakifunga stoo, wao ndio watakaowaibia watoto wa kambini blanketi. Mvua bado inanyesha. Hapa kuna mama amejifungua juzi juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, na mtoto amefungwa kwa pazia.

Mnatafuta wa kuaminika? Msitafute mtu, tafuteni namna. Kambi ina kamati. Ilichaguliwa uwanjani mchana kweupe, watu wakijipanga nyuma ya wanayemtaka. Kitu kikija kinasomwa kwa sauti mbele ya watu wote kabla hakijashushwa, na katekista, naibu wa chifu na mama yeyote mwenye mdomo wako pale. Wa kwanza kujaribu kuficha sabuni alikuwa mjumbe wa kamati. Aliimbiwa siku nzima mpaka akairudisha. Hao hawana picha wala suti, lakini kila mtu anamwona mwenzake.

Mje wenyewe na lori. Mgawe kwa mikono yenu. Nguo msilete! Kuna watu wa mbali walituletea makoti ya nchi za theluji na viatu vya visigino virefu. Ekisa anakoroga uji na koti la manyoya, jasho linamtoka, anasema lisiharibike bure. Leteni maturubai, mablanketi, sabuni, unga, na pedi za wasichana, maana hizo hakuna anayezikumbuka.

Neno moja tu. Wewe usije. Njia ni mbaya. Pia kuna mbwa. Pia mkwe hafiki upande huu bila kualikwa, na mimi sijakualika, si kwa ubaya, nina shughuli nyingi nyumbani.

Zilpa


Malaba,
16 Mei 2024

Mama,

Barua yako niliisoma yote mbele ya umoja, sikupunguza neno, isipokuwa la mwisho. Uliposema wao ndio watakaoiba, mzee Odeke aliweka fimbo yake chini. Kisha akasema mama huyo aletwe awe mwenyekiti, yeye apumzike. Aliyetaka kurudishiwa mablanketi ameongeza mengine. Pedi zimenunuliwa na madereva wawili wa malori ya mafuta, wakabishana na mwenye duka kuhusu ukubwa mpaka mkewe akawaokoa.

Tunakuja Jumamosi.

Lakini mama, wameweka sharti. Mwenyekiti amesema mzigo hautoki Amagoro katibu asipokuwa juu ya lori. Anasema safari iliyopita niligeukia ukuta tukaponzeka, kwa hiyo safari hii nigawe kwa mikono yangu na nione kwa macho yangu. Nimejaribu kusema kuhusu mbwa, wamecheka.

Kwa hiyo nakuja, unisamehe. Najua wewe uko nyumbani kwako na shughuli zako, hatutakutana. Lakini nimewaza hivi. Katika kambi yoyote hapakosi mtu ambaye hangependa kuonwa na mgeni fulani. Simsemi mtu. Mtu wa namna hiyo asikose blanketi kwa sababu yangu. Ajipange kwenye mstari kama wenzake, asijifiche darasani. Mimi nitasimama nikiutazama ubao wa lori, mgongo kwa watu, na vitu nitavitoa kwa nyuma. Mzee Odeke atatazama kwa macho yake. Mimi nitatazama lori.

Mkweo,
Okiria


Sio Port,
20 Mei 2024

Mkwe wangu Okiria,

Nimesikia mlifika. Mimi sikuwepo, nilikuwa na shughuli nyumbani, lakini watu wamenisimulia vizuri sana.

Wanasema lori lilisomewa lote uwanjani kabla ya kushushwa, na mzee mmoja mwenye fimbo, mwenyekiti wenu nadhani, alirudia kila kitu kwa sauti kama anayekataa kudanganywa mara ya pili. Wanasema alipomwona Ekisa na koti la manyoya akimwaga uji, aliuliza kama huyo ndiye mmoja wa wataalamu tisa wa lishe.

Kisha wanasema kulikuwa na kijana mrefu aliyekataa kugeuka. Aliwapa watu mgongo kama mtu aliyekosana na wilaya nzima. Akawa anarusha mikono nyuma, anatoa blanketi, anatoa sabuni, bila kujua anampa nani. Mche mmoja wa sabuni ulimpata katekista puani. Blanketi moja lilipokelewa na mbuzi wa Petronilla, akaondoka nalo, na Petronilla amekataa kulirudisha, anasema mbuzi alijipanga kwenye mstari kama wengine. Watoto walidhani ni mchezo, wakazunguka mara tatu. Mama mmoja aliuliza, "Huyu ana majivuno au ana shingo mbovu?" Wanawake wazima waliokuwa karibu wakamwambia anyamaze. Wao walielewa. Wanasema hawajawahi kuona mkwe mwenye adabu namna hiyo, na mmoja alisema kama angekuwa na binti aliyebaki angempeleka Malaba kesho.

Dada yako Alupo ameniandikia. Anasema ana upweke mwingi, na kwamba ana chumba cha kijani kisicho na mtu. Nimesoma nikasikia watoto wakilia mpaka ndani ya barua. Mwambie nitakuja. Mjukuu ni wa mwezi wa saba, lakini mimi napenda kuwahi, kwa hiyo nitapanda na Wesonga yule mama wa madawati akishapata pa kuingia. Kamati imenikalisha hapa mpaka hapo. Nina maana, nawasaidia nikitokea nyumbani.

Mkwe, nimeandika mpaka hapa halafu nikaiweka kalamu chini. Brendah siku hizi hawezi kuambiwa, na mtu mmoja lazima nimwambie. Nyumba yangu iko pale pale ilipokuwa, hapo sikudanganya. Ila maji yako ndani yake mpaka dirishani. Niliona haya kukwambia. Nilijua ukijua ungekuja mbio, na sikutaka unikute nikiwa nimejifunika leso ya kuazima.

Jumamosi nilikuwa kwenye mstari. Nilikuwa nyuma ya Petronilla, kabla ya mbuzi. Mkono wako ulikuja na blanketi ukakaa hewani, haukutikisika, mpaka nikalishika. Nilitaka kukushukuru pale pale, lakini ungeijua sauti.

Jana nimelala usingizi mzito. Kengele imelia na sikushtuka.

Asante kwa blanketi. Na asante zaidi kwa kutoniona.

Mama yako,
Zilpa